BENDERA WAMEPEWA, OFISI BADO

Ndugu msomaji, uhuru uko wa aina mbili. Uko uhuru wa bendera, ule wa ngoma na hotuba na vigelegele. Na uko uhuru wa ofisi, ule wa mwananchi kugonga mlango wa mkubwa akakuta aliyekaa nyuma ya meza ni mtu wa kwao, anayejua lugha yake na anayejua shida yake bila kuelezwa mara tatu. Huu wa kwanza hupatikana kwa usiku mmoja. Huu wa pili unasomewa, na wasiousomea huletewa wageni wa kuwakalia viti.

Wiki hii tunakupeleka mbali, kaskazini mwa Kanada, kwenye barafu, kwa watu ambao shuleni tulifundishwa kuwaita Waeskimo. Jina hilo walibandikwa na wengine. Wenyewe wanajiita Wainuiti, maana yake ni watu tu, basi. Najua wewe uliyekaa kijiweni utauliza: "Hao wanaoishi kwenye baridi ya kugandisha mate wananihusu nini mimi ninayehangaika na nauli ya daladala?" Tulia. Soma mpaka mwisho, halafu useme mwenyewe kama hawakuhusu.

SERIKALI YAO, WAKUBWA WA KUAZIMA

Tarehe 1 Aprili 1999 Wainuiti walipata jimbo lao, Nunavut, maana yake nchi yetu. Hawakuokota. Madai yao ya ardhi waliyapeleka serikalini mara ya kwanza mwaka 1976, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1993. Miaka kumi na saba ya kukaa mezani! Jimbo lenyewe lina ukubwa wa kilomita za mraba milioni mbili hivi, yaani Tanzania mbili na chenji inabaki, lakini watu wake hawazidi sana elfu arobaini. Wanaishi katika miji na vijiji ishirini na tano, na hakuna barabara hata moja inayounganisha kijiji kimoja na kingine. Ukitaka kwenda kwa jirani, panda ndege, au subiri bahari iyeyuke, au washa pikipiki ya theluji.

Waziri Kiongozi wao wa kwanza aliitwa Paul Okalik. Alikuwa na miaka 34. Sikiliza vizuri habari zake, kijana mwenzetu, maana hazifanani na za vigogo unaowajua. Huyu bwana aliwahi kufukuzwa shule na kuonja jela akiwa kijana mdogo, na hakulificha jambo hilo. Baadaye akarudi kwenye vitabu, akasoma Chuo Kikuu cha Carleton, kisha sheria Chuo Kikuu cha Ottawa. Akaapishwa kuwa wakili mwanzoni mwa 1999, wiki chache tu kabla ya kuiongoza serikali mpya. Alikuwa Mwinuiti wa kwanza wa Nunavut kufikia uwakili.

Hapo ndipo penye kisa. Jimbo zima lilikuwa na wakili mmoja mzawa, na huyo mmoja ndiye amekwenda kuwa Waziri Kiongozi. Mahakamani abaki nani? Mkataba wa madini ausome nani? Sheria za jimbo aziandike nani? Jibu unalijua: mgeni kutoka kusini. Na si mahakamani peke yake. Mkurugenzi wa elimu mgeni, mhasibu mkuu mgeni, daktari mgeni. Wanaletwa kwa ndege, wanapewa nyumba na posho, wanakaa miaka miwili mitatu, wanaondoka, wanaletwa wengine wasiojua hata salamu ya mahali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku mgeni alikuja, mwenyeji akabaki kufagia ofisi na kupiga mihuri.

Si kwamba mkataba haukuliona hilo. Ibara ya 23 inasema wazi kwamba Wainuiti wawe na sehemu ya kazi za serikali inayolingana na idadi yao, na katika kila ngazi. Idadi yao ni kama asilimia 85 ya wananchi wa jimbo. Mwaka 2006 jaji wa zamani Thomas Berger alipeleka ripoti yake, akakuta wameshika asilimia 45 tu ya kazi hizo, na nyingi ni za ngazi ya chini. Akakuta pia kwamba katika kila watoto wanne, mmoja tu ndiye anayemaliza sekondari. Miaka imekwenda, na hesabu bado inazungukazunguka kwenye nusu. Ukaranini wamejaa. Panda ngazi kwenda juu, wanapungua mpaka unawahesabu kwa vidole.

Ukiuliza kwa nini, unapewa neno moja: sifa. "Hana sifa." Tangazo la kazi linataka digrii, na kazi ya juu zaidi inataka digrii ya pili. Anayejua lugha ya wananchi, anayejua mila, anayejua mzee yupi akisema kijiji kinanyamaza, huyo hana sifa. Aliyeshuka juzi kwenye ndege na karatasi yake mkononi ndiye mwenye sifa. Je, msomaji, hujawahi kulisikia neno hilo likitamkwa mbele yako?

KUPATA DIGRII NI KUFUTWA KABILA

Sasa usije ukadhani watu hawa walikosa digrii kwa uvivu. Hii hesabu ina historia, na sisi tunaitaja kwa miaka yake ili asije mtu akasema tunazua.

Mwaka 1876 bunge la Kanada lilipitisha sheria iliyoitwa Sheria ya Wahindi. Ilihusu wenyeji wa asili wa nchi ile, wale ambao wazungu waliwaita Wahindi kwa sababu walipotea njia wakidhani wamefika India. Sheria ile ilisema kwamba mwenyeji akipata digrii ya chuo kikuu, au akiwa daktari, au wakili, au mchungaji, basi hapohapo anahesabiwa kuwa si mwenyeji tena. Anatolewa katika orodha ya watu wake. Umeona werevu huo? Msomi huwezi kuwa wetu, na wetu huwezi kuwa msomi. Chagua kimoja. Hatukuambii kwamba kipengele hicho kilidumu vilevile miaka yote, kililegezwa mapema. Lakini mbegu ilishapandwa. Mwaka 1927 wakaongeza kingine, kuwa ni kosa kuchangisha fedha za kuwalipa mawakili wadai ardhi ya wenyeji bila ruhusa ya serikali. Hicho kilikaa mpaka 1951. Kwanza unamnyima mtu wakili wa kwao, halafu unamkataza hata kukodi.

Wainuiti hawakuwekwa chini ya sheria hiyo, lakini walikuwa na yao. Kuanzia mwaka 1941 serikali iliwagawia visahani vidogo vyenye namba, vya kuvaa shingoni. Herufi E kwa wa mashariki, W kwa wa magharibi, halafu tarakimu. Barua ya serikali ilikutambua kwa namba. Wazee wetu wa Kenya waliovishwa kipande shingoni hawahitaji kuelezwa jambo hilo lina ladha gani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo serikali ilipomtuma Abe Okpik, Mwinuiti mwenzao, azunguke vijiji vyote kuandikisha watu majina ya ukoo.

Na shule? Watoto walichukuliwa na kupelekwa shule za bweni, mbali na wazazi, na lugha ya nyumbani ikageuzwa kuwa kosa. Mengi yaliyotendeka huko yalikuwa ya kutisha, na serikali ya Kanada iliomba radhi bungeni mwaka 2008. Ajabu ni kwamba baadhi ya vijana waliopitia mabweni hayo, kama lile la Churchill, ndio waliorudi na Kiingereza cha kukaa nacho mezani wakadai Nunavut. John Amagoalik, anayeitwa baba wa Nunavut, alisoma huko. Familia yake ilikuwa imehamishwa na serikali mwaka 1953 ikatupwa kaskazini zaidi, Resolute. Waliwafundisha ili wawafute, wao wakasoma ili wabaki.

Kwa hiyo mzee akikuambia kule kwamba haiamini shule, usimcheke. Ana sababu.

DARASA LIKAPANDA NDEGE

Basi walifanyaje? Zamani njia ilikuwa moja: unataka digrii, nenda kusini. Kutoka Iqaluit, mji mkuu wao, hadi Ottawa ni kilomita elfu mbili kwa ndege. Unaacha watoto, unaacha kazi, unaacha chakula ulichozoea, unaingia jiji lisilokujua. Wengi walikwenda, wengi wakarudi kabla ya kumaliza. Wakaitwa walioshindwa.

Ndipo watu wakauliza swali la akili: kwa nini mwanafunzi asafiri, na mwalimu asisafiri? Ualimu ulikuwa umeshatangulia, kwani tangu mwaka 1979 walimu wazawa walikuwa wakifundishwa hukohuko. Mwaka 2001 likaja la sheria. Likafunguliwa darasa lililoitwa Akitsiraq, palepale Iqaluit. Digrii ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Victoria, chuo kilicho pembe nyingine kabisa ya nchi, kwenye bahari ya Pasifiki. Maprofesa ndio waliopanda ndege. Wanafunzi walipata wafadhili ili wasilale njaa na watoto wao. Mwaka 2005 Wainuiti 11 wakahitimu sheria kwa mpigo. Kutoka wakili mmoja kwenda 11! Pale ambapo mzee alikuwa akihukumiwa katika lugha asiyoijua, sasa anaweza kupata mtu wa kumtetea aliyenyonya lugha hiyo kwa mama yake.

Halafu likaja la uongozi wa shule. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Prince Edward Island, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier na idara ya elimu ya Nunavut, kilianzisha digrii ya uzamili katika elimu kwa ajili ya walimu wa huko. Si digrii ya kwanza hii, ni ya pili, ile inayotakiwa kwenye meza za wakubwa. Walimu walisoma huku wanafanya kazi. Wakati mwingine walikutana ana kwa ana, wakati mwingine walisoma kwa kompyuta kila mtu kijijini kwake. Kiinuktitut kilitumika pamoja na Kiingereza, na wazee walikaa darasani kama wenye elimu, hawakuletwa kuwa pambo. Mwaka 2009 wakahitimu 21. Kundi la pili likamaliza mwaka 2013.

Sasa kijana mwenzetu, sikiliza hili: wale 21 wote walikuwa wanawake. Wote. Wengi mama wa watoto, walioandika insha zao usiku baada ya kufundisha mchana na kupika jioni. Sisi hatusemi wanaume wa kule hawana akili. Tunasema tu kwamba kiti kikiwa wazi hukaliwa na aliyejiandaa, na aliyekuwa akilalamika kijiweni hukuta kimeshajaa. Hapa mjini tunalo la kujifunza hapo, tena bila kununa.

DIGRII ZA CHEE?

Wapo watakaosema digrii ya kuletewa nyumbani ni ya chee, ya kupeana. Hoja hii husemwa sana na wale ambao kiti chao kinatikiswa. Jibu ni rahisi: cheti cha Akitsiraq ni cha Chuo Kikuu cha Victoria, uleule mhuri anaopewa kijana wa mjini. Mtihani haukupunguzwa. Kilichobadilishwa ni mahali pa kusomea na namna ya kusomea, na masomo yakaongezwa yale ambayo kijana wa mjini hayajui.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa mno kwa watu wachache namna hiyo. Ni kweli nauli za kule zinaumiza. Lakini tupige hesabu yote. Kila mtaalamu wa kuazima anakula nauli ya kuja, nauli ya kurudi, nyumba, posho ya baridi, na akiondoka unaanza upya na mwingine. Gharama hiyo haina mwisho. Ya kumsomesha mwenyeji inaisha siku anapohitimu.

Na ipo hoja ya tatu, ambayo ni nzito na tunaiheshimu. Wapo wanaosema msomi husahau alikotoka, kwamba ukimpa mtu wako digrii ya pili umempoteza, kesho atavaa suti na kuwageuzia mgongo. Sisi wa huku hatuwezi kukana, tumewaona. Tena mwandishi wa safu hii aliishia sekondari, hana digrii ya kutetea. Lakini hoja hiyo inatuambia tuangalie digrii inafundishwa wapi, kwa lugha gani, na nani yumo darasani. Ukimtoa mtu kwao miaka mitano ukamfundisha kwamba kwao ni giza, atarudi akiamini hivyo. Ukimfundisha kwao, mbele ya wazee wake, kwa lugha yake, anaogopa aibu. Wainuiti wanalo neno refu, Inuit Qaujimajatuqangit, yaani yale ambayo watu wameyajua tangu zamani na bado yanawafaa. Serikali yao imesema huo ndio msingi wa kazi zake. Msingi huo utajengwa na nani, kama anayeandika sera hajui hata kulitamka?

MWANGA WA KIBERITI

Hatukuandiki haya kukupigia debe mbinguni ya barafu. Kasoro ipo, na tunaisema. Kasoro ni kwamba mambo haya yaliendeshwa kama kiberiti: kinawaka, unaona, kinazima. Baada ya wale wanasheria 11 wa mwaka 2005, darasa jingine la sheria lilianza lini? Mwaka 2017, safari hii chini ya Chuo Kikuu cha Saskatchewan, likamaliza 2021. Miaka kumi na miwili katikati! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ya mahafali yale alikuwa ameshamaliza shule. Kila mara ni kuomba fedha upya, kutafuta chuo kipya, kuanza alifu.

Lugha nayo imepigwa danadana. Sheria ya elimu ya Nunavut ya mwaka 2008 iliahidi kwamba Kiinuktitut kitafundishia madarasa yote kufikia mwaka wa shule wa 2019. Ulipofika, walimu hawakutosha. Mwaka 2020 sheria ikarekebishwa, na ahadi ikasogezwa mpaka mwaka 2039. Tazama mzunguko huo: walimu wazawa hawatoshi kwa sababu wengi hawakusoma, na watoto hawasomi vizuri kwa sababu walimu wazawa hawatoshi. Aliyeketi nje ya mzunguko anaendelea kula posho.

Lakini watu hawa hawakukaa kulia. Mwaka 2006 Nunavut Tunngavik, chombo kinachosimamia haki zao chini ya mkataba, kiliishitaki serikali kuu kikidai dola bilioni moja kwa kutotimiza ahadi, hiyo ya ajira na mafunzo ikiwemo. Kesi ikavutwa miaka tisa. Mwaka 2015 serikali ikakubali kumalizana nao nje ya mahakama kwa dola milioni 255.5, na milioni 175 kati ya hizo zikatengwa kwa mafunzo ya Wainuiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa na daftari, na walikuwa na watu wa kulisoma.

Sasa wanataka chuo kikuu chao wenyewe, chao cha kudumu. Wenzao wa Greenland wanacho, Ilisimatusarfik, pale Nuuk, tangu miaka ya 1980, na Greenland nzima haina watu elfu sitini. Wasami wa Norway wana chuo chao Kautokeino tangu mwaka 1989, kinachofundisha kwa Kisami. Yukon, nako hukohuko kaskazini mwa Kanada, chuo chao kilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2020. Wainuiti wa Kanada wametangaza kwamba kampasi kuu ya chuo chao itakuwa Arviat, kijiji cha pwani cha Nunavut, na lengo ni kufungua milango mwaka 2030. Tutaona. Ahadi tumezisikia nyingi, lakini safari hii anayeahidi ndiye mwenye njaa.

MTU WA NGORONGORO

Kama bado unasema hayakuhusu, tukukumbushe mtu mmoja wa hapahapa. Moringe ole Parkipuny alikuwa mtoto wa wafugaji wa Ngorongoro. Alisoma mpaka digrii ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 akaandika tasnifu juu ya masaibu ya watu wake mwenyewe, Wamaasai. Hakwenda kuandika habari za mashairi ya Kiingereza. Aliwaandika ng'ombe, ardhi na watu waliomzaa. Kisha akawa Mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990. Mwaka 1989 alisimama Geneva, katika kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, ukumbi ambao watu kama Wainuiti walikuwa wameshauzoea, akaeleza shida za wafugaji wa Afrika. Anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Alifariki mwaka 2013.

Mtu yule hakusubiri msomi wa kuazima amsemee. Na hakusahau lugha ya boma. Digrii yake aliigeuza fimbo ya kuchungia, akaenda nayo mpaka Uswisi.

SASA NI ZAMU YAKO KUULIZA

Ndugu msomaji, tunakuachia maswali, na tunaomba usiyaache kijiweni pamoja na vikombe vya kahawa. Mkubwa akija kukuambia kwamba wilaya yako imepewa madaraka, muulize: walioandaliwa kuyashika ni akina nani, na wamesomea wapi? Akikuambia mtu wa kwenu hana sifa, muulize: nani alipanga sifa hizo, na darasa la kuzipatia liko umbali gani na mlango wa maskini? Akikuletea mradi wa mafunzo wa miaka mitatu, muulize mwaka wa nne utakuwaje.

Na wewe mwenyewe jiulize la mwisho. Okalik alifukuzwa shule, akafungwa, akarudi kwenye vitabu akiwa mtu mzima. Mama mwalimu wa kijiji kisicho na barabara aliandika insha ya uzamili baada ya watoto kulala. Wewe una barabara, una taa ya umeme ingawa inazimikazimika, na una lugha inayosomwa na mamilioni. Hatusemi milango yote iko wazi. Tunajua ada, tunajua vyumba vya kupanga, tunajua majina yanayopita kwa mjomba. Tunasema kwamba wanaofunga milango wanafurahi sana wanapokukuta umekaa nje hata hujagonga.

Bendera hupandishwa na mtu mmoja kwa kamba moja. Ofisi hushikwa na watu walioandaliwa, mmoja baada ya mwingine, bila kukatika. Watu wa barafu wamelijua hilo kwa machungu. Sisi tusisubiri machungu yao ndipo tuanze.